Firigisi ya Mama Mkwe

Dada Mwanaidi,

Sikuulizi hali, maana hata ulipokuwa hapa Euless, Amerika, ukiulizwa hali ulijibu kwa kuuliza kama tumekula. Tumekula, Dada. Tena hicho tulichokula ndicho kilichonikalisha chini Jumamosi hii, nguo zikizunguka mashineni, nikuandikie barua ambayo najua hakuna wa kuifikisha. Nafula amenikuta na kalamu akauliza ninamwandikia nani. Nikamwambia. Akasema nikusalimie sana na nisitie chumvi. Mke wangu ananijua.

Mambo ya hapa ni yaleyale, na mengine yamebadilika. Chumba cha kufulia kimepakwa rangi. Ile karatasi yako uliyoibandika ukutani, "Mtu akiungua: maji, maji, maji," meneja aliibandua akaitupa. Kesho yake Mama Furaha, yule Mkongo wa nyumba namba kumi, akaandika nyingine kwa Kiswahili na Kifaransa, akaibandika palepale. Meneja akaibandua. Mama Furaha akabandika tena. Sasa ni karatasi ya nne na nadhani meneja ameshasalimu amri.

Unakumbuka ulivyotunasa humo? Siku zako za mapumziko kutoka kule ulikokuwa ukiwatunza wazee zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo kila Mwafrika wa jengo hili anafua. Ulijua mtu hawezi kuondoka akaacha suruali zake kwenye mashine. Basi unaingia na mto chini ya kwapa, mto ule wa maua uliouita Bwana Harusi, unaulaza juu ya meza ya kukunjia nguo na kuanza kutufundisha huduma ya kwanza. Puani damu ikitoka, inama mbele, usiangalie dari. Mwenye kifafa usimtie kijiko mdomoni, mwondolee vitu vya kumuumiza na umlaze ubavu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wako mbishi kuliko wote. Nilikuwa nakuuliza kama Bwana Harusi amelipa mahari.

Na hasira zangu je? Zile siku za mwanzo pale ghalani karibu na uwanja wa ndege, nilikuwa nikikaribia kupigana na msimamizi kila wiki. Ulinipa dawa ya ajabu. Ukasema hasira ikinipanda nisijibu kitu, niiname kwanza nifunge kamba za viatu, zote mbili, polepole, hata kama zimefungwa tayari. Wiki iliyofuata nikaja nimevaa viatu visivyo na kamba kwa makusudi. Ulicheka mpaka ukakalia mashine ya watu. Lakini niliitumia ile dawa, Dada. Niko kazini palepale mpaka leo, na msimamizi anadhani nina tatizo la viatu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na ili nilifikie lazima nipitie Mesquite, kule ng'ambo ya Dallas, ingawa sipendi.

Ile sherehe ya ubatizo. Mama mwenye nyumba alikuwa anakaanga samaki, mafuta yakamrukia mkono mzima kuanzia kiwiko. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote. Sinki lilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nilijua la kufanya kama ninavyolijua jina langu. Na nikasimama pale na sahani yangu ya wali. Yule alikuwa mke wa mtu, mumewe amesimama mlangoni, na mimi ni kijana wa kigeni. Nimshike mkono mbele ya wageni wote? Wakati nawaza hayo, mmoja amekuja na dawa ya meno, mwingine na unga wa ngano, wakampaka mpaka mkono ukawa kama andazi kabla ya kukaangwa. Wewe ulitokea sebuleni, ukawasukuma wote, na mimi pia, ukauosha na kuuweka chini ya bomba dakika ishirini huku ukimsimulia habari za Tanga ili asilie.

Njiani kurudi hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Uliendesha gari kimya mpaka tulipovuka Dallas, halafu ukasema, "Barasa, mikono yako ilikuwa inangoja ruhusa ya nani?" Ukaendelea kusema kwamba kwangu hasira na aibu ni ugonjwa mmoja. Hasira ikinipanda nakimbia, aibu ikinipanda naganda, na kote kuwili si mimi ninayeendesha. Ukasema kujizuia ni nusu ya kujitawala, nusu nyingine ni kujisukuma. Yule mama bado ana kovu. Nikimwona kanisani naangalia viatu vyangu.

Basi mwaka huu, mwezi wa nne, mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka Webuye.

Wewe mtu wa Tanga hukuwahi kuielewa mila yetu hii, kila nikikueleza ulikuwa unasema Wabukusu tuna kazi. Nikukumbushe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha, anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Hapo hakuna ugomvi wowote. Ni heshima, na wala sitaki mtu aicheke isipokuwa mimi. Lakini niambie, Euless kuna shamba gani la kuingia? Vyumba viwili, bafu moja, na ujia ambao hata paka wawili hawapishani.

Habari ya paa Mama aliimaliza mwenyewe siku ya kwanza. Alisema paa hili ni la meneja, si langu, kwa hiyo halihesabiwi. Yaliyobaki tukayapangia utaratibu. Nikitaka kutoka chumbani natikisa funguo. Yeye kama yuko ujiani au jikoni anakohoa, na mimi nangoja. Asubuhi nyumba nzima ilikuwa funguo na kikohozi. Nilikula chumbani, sahani juu ya goti, nikiletewa na binti yetu Nekesa, ambaye sasa ana miaka saba na hajibu Kiswahili hata umfanyeje. Nikitaka kumwambia Mama kitu nampitishia mtoto. "Nekesa, mwambie Kukhu chakula kilikuwa kitamu sana, namshukuru." Namsikia huko jikoni: "Daddy says it's good." Kukhu wake, yaani bibi yake, anacheka tu.

Na chakula kilikuwa kitamu kweli. Mama alipopelekwa dukani mara ya kwanza aliganda mbele ya friji la nyama. Aliona firigisi zimepangwa kwenye trei, ishirini au zaidi, zimefungwa kwa nailoni. Kwetu kuku mmoja ana firigisi moja, na hiyo ni ya mwenye boma. Mwanamke haili. Mama amepika kuku miaka hamsini, amemtolea mumewe firigisi, akawatolea wakwe, akawatolea wageni, yeye hajui hata ladha yake. Nafula anasema alisimama pale akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani hawa watu, kila nyumba ina wanaume wangapi?"

Jumapili moja mwezi wa sita tumetoka kanisani, Nafula kaenda zamu yake hospitalini. Mama kapika ugali, kuku, na bakuli la firigisi kwa ajili yangu. Nikaletewa chumbani, nikala nikashiba. Nikataka kwenda kunawa. Nikatikisa funguo. Sikusikia kikohozi. Lakini nilisikia miguu jikoni, kwa hiyo nilijua yupo. Nikatikisa tena. Kimya. Halafu Nekesa akaita, "Daddy, Kukhu can't talk."

Nilitoka mbio bila kungoja. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, mkono mmoja shingoni, mdomo wazi, macho yamemtoka, na hakuna sauti hata ndogo. Unakumbuka ulivyotuambia: anayekohoa mwache akohoe, anayekosa hata kikohozi ndiye anayekufa. Na mkono wake wa pili, Dada, unajua ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa kwenye ugali. Alikuwa anakata tonge ili alimeze lisukume kile kitu chini, ile dawa yetu ya mwiba wa samaki. Kidogo tu angejiziba kabisa.

Nikampiga mkono, lile tonge likaanguka. Nikamwambia Nekesa apige 911, kama ulivyowafundisha watoto wote wa jengo hili.

Na hapo nikaganda.

Nakuambia ukweli kwa sababu Nafula amesema nisitie chumvi. Niliganda. Nilimfikiria Mama Furaha wa namba kumi, kwamba yeye ni mwanamke, yeye anaweza kumshika, nikimbie nimwite. Nilifikiria wazee wa Webuye. Nilifikiria mkono wa yule mama wa Mesquite. Watu husema saa kama hiyo wanasikia sauti za marehemu wao. Mimi sikusikia kitu. Niliona midomo ya Mama inabadilika rangi, na nikajisukuma. Hakuna namna nyingine ya kulieleza. Nilijisukuma kama mtu anavyosukuma gari lililokufa betri.

Nikasema, "Mama, nakushika," na sikungoja jibu. Nikazunguka nyuma yake, nikamkumbatia, ngumi juu ya kitovu chini ya kifua, mkono wa pili juu ya ngumi, nikavuta ndani na juu. Moja. Ni mdogo sana, Dada, sikujua mama mkwe wangu ni mdogo hivyo. Mbili. Leso yake ikaanguka. Tatu. Nne. Nilikuwa nalia tayari. Ya tano kitu kikaruka kikagonga mlango wa friji, na Mama akavuta pumzi ambayo nafikiri ilisikika mpaka kwa meneja.

Nikamkalisha kitini. Mimi nikakaa chini sakafuni, mtu mzima na miguu yangu, nikalia. Nekesa alikuwa bado kwenye simu, anawapa anwani kwa ufasaha kuliko mimi.

Ndipo sote watatu tukakitazama kile kilichoruka. Kilikuwa sakafuni mbele ya friji, kinang'aa kwa mchuzi. Firigisi. Nzima, haijatafunwa.

Nikamtazama Mama. Mama akaokota leso yake akajifunika kichwa, akatazama ukuta. Nikachukua karatasi ya jikoni, nikaiokota, nikaitia kwenye taka, nikaweka maganda ya vitunguu juu. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, miaka tisa, aliongea na mimi moja kwa moja, sauti ikikwaruza. Alisema, "Baba Nekesa, hiyo haikuwa imeiva."

Nilitaka kucheka mpaka nilidhani na mimi nitahitaji kukumbatiwa. Niliinama nikafunga viatu. Kamba zote mbili.

Vijana wa gari la wagonjwa walikuja na mikoba yao. Walipotaka kumsikiliza kifua Mama alimwambia Nekesa awaambie ameshashikwa vya kutosha kwa siku moja. Mwishowe alikubali, na kesho yake daktari akatuambia ni maumivu ya mbavu tu, yatapita. Nafula aliporudi nikamweleza. Alisimama mlangoni na begi begani. "Wait. Uli-hold mama? Yaani from behind?" Nikasema ndiyo. "Hapa kwa kitchen?" Ndiyo, mara tano. Akanitazama, akaenda kumtazama mama yake amelala, akarudi akaniangukia kifuani. Aliuliza baadaye ni nini kilichomkaba. Nikasema nyama. Si uongo. Zaidi yetu sisi watatu, wewe peke yako ndiye unayejua ni nyama gani, kwa hiyo ukikutana na watu wa Webuye huko ulipo, tafadhali.

Lakini Mama hakulichukua kirahisi. Baada ya kurudi kwa daktari, siku mbili hakutoka chumbani kwa Nekesa. Hakula. Aliomba abadilishiwe tiketi arudi nyumbani, alihisi ametuletea laana, kwamba mtoto wetu atapata mkosi kwa sababu yake. Nilisimama nje ya mlango ule, na nakwambia iliniuma kuliko kilio cha jikoni. Nilikuwa nimeiokoa pumzi yake, na sasa alikuwa anazimika kwa aibu.

Tukanunua kadi ya simu, tukawapigia wazee. Wazee wanne, simu moja, spika imewashwa, kila mmoja anazungumza juu ya mwenzake. Kadi ya kwanza iliisha wakati wanabishana kama Amerika ni nyumbani au ni safarini. Kadi ya pili wakatoa uamuzi: mkwe ampe Mama blanketi, Mama ampe mkwe kuku, na baada ya hapo waamkiane kwa mkono, yaishe. Mmoja akauliza kama kuku wa dukani asiye na kichwa anafaa. Wakajadiliana tena. Anafaa.

Nilimpa blanketi la buluu. Akanipa kuku, wa kwenye nailoni, ameshikwa kwa mikono miwili kwa heshima zote. Halafu akanyoosha mkono. Mkono mkavu, mgumu, umelima muda mrefu. Nikaushika. Tangu siku hiyo tunakula meza moja, na firigisi zinapopikwa bakuli linakuja katikati ya meza, na hakuna anayesema lolote juu ya nani anachukua ngapi. Anazitafuna vizuri sana.

Na amekuwa mwanafunzi! Kila jioni anauinamia mto wa Nekesa kwa ngumi mpaka pamba inatoka. Anasema akifika nyumbani atawafundisha wamama wa kikundi chake wote, na atawakataza lile tonge. Anakosoa mkao wangu.

Wiki mbili zilizopita aliniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni dada mmoja wa Tanga, Mwislamu, mcheshi, alihamia Houston kwa mdogo wake alipougua, na akafa mwaka jana. Akauliza kama nilikuaga. Nikasema hapana. Akasema, "Basi twende tukamwamkie."

Tukaenda. Mwendo wa saa nne barabarani. Mama alikaa mbele, kando yangu, Nafula na mtoto nyuma, fikiria hilo. Mdogo wako alitupeleka mpaka makaburini. Mama alivua viatu, akasimama, akasema kwa Kiswahili ili usikie: "Mwanangu, asante kwa kunifundishia mkwe."

Mimi sikuweza kusema kitu pale, kwa hiyo naandika hapa. Ulinipigia simu mara mbili ukiwa hospitali. Mara zote nilisema nakuja wiki ijayo. Nilikuwa na gari, nilikuwa na siku za mapumziko. Niliogopa kukuona umekonda, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Niliganda. Na siku ya mazishi niliendesha kama kichaa nikafika wameshamaliza, maana kwenu Waislamu hamngoji. Nisamehe, Dada. Ulitembea na mto chini ya kwapa kwa ajili yetu Jumamosi zote zile, na mimi nilishindwa kuja kuketi tu kando ya kitanda chako. Hili sitalifanya mzaha.

Nguo zimekauka, Mama Furaha anataka mashine. Nimalize.

Mama anaondoka Alhamisi. Nafula na mtoto watakuwepo uwanja wa ndege, na nusu ya kanisa, Wabukusu wote wa hapa na wa Plano, wazee na wake zao, watu wanaoijua mila vizuri na wenye macho makali. Wazee walisema kuamkiana kwa mkono, hawakusema zaidi. Jana nilikuwa namfungia sanduku, Mama akaja akasimama karibu yangu. Akasema, "Baba Nekesa, ulinikumbatia mara tano bila kuniuliza. Ya sita nitakupa mimi. Pale airport, wanione wote."

Samahani, kizee hiki hakina aibu hata kidogo siku hizi. Mimi ndiye niliyebaki nayo. Nimelala nikiwafikiria wale wazee na wake zao, na jinsi habari itakavyofika Webuye kabla ya ndege.

Lakini nakuahidi, Dada Mwanaidi, Alhamisi sitatazama huku na huku kuona ni nani anatuangalia. Nitamsogelea mimi kwanza, na safari hii nitasimama mbele yake.

Lala salama.

Mdogo wako,
Barasa